Safari ya saa tatu kwa treni, kwa nini watu bado wanapanda ndege?

Garimoshi (mleta mada)

Wakuu salaam.

Nina hoja moja tu na nimekuja kuigombania. Treni na ndege watu wanazilinganisha vibaya. Mtu anachukua spidi ya ndege, kilomita 800 na ushee kwa saa, anaiweka pembeni ya treni ya 300 halafu anasema basi yameisha, kana kwamba kuna binadamu anaishi kwenye ranwei. Safari inaanzia mlangoni kwako inaishia mlangoni unakokwenda, hiyo ndiyo ya kuhesabu, na ukihesabu hivyo kwa safari za kilomita 300 mpaka 700 hivi ndege inapigwa vibaya karibu kila sehemu ambako treni imejengwa kwa akili.

Chukua safari ya kilomita 600. Angani saa moja na robo, sawa. Sasa weka muda wa kwenda uwanjani, maana viwanja vikubwa vimesukumwa nje ya mji (Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo), weka kufika mapema, foleni ya begi, foleni ya ukaguzi, vua mkanda, mwaga maji, toa laptop, tembea mpaka geti, geti limehamishwa, tembea tena, panda, kaa ndani ndege inasubiri zamu ya kuruka, ruka, tua, subiri ngazi, subiri begi, tafuta usafiri wa kurudi mjini ambako ndiko ulikokuwa unaenda tangu mwanzo. Hapo saa nne mpaka tano zimekwisha na hujachelewa popote, hiyo ni siku nzuri. Na huo muda wote umekatwa vipande vipande, huwezi kulala, huwezi kusoma, huwezi kufanya kazi ya maana.

Sasa Madrid na Barcelona. Kilomita 621 za reli, treni isiyosimama njiani inatumia kama saa mbili na nusu, katikati ya mji hadi katikati ya mji. Kabla reli ya mwendokasi haijafika Barcelona Februari 2008 ile njia ya anga ilikuwa mojawapo ya zenye ndege nyingi kuliko zote duniani. Reli ilipofika abiria wengi wakahamia chini na hakuna aliyewalazimisha. Halafu Ouigo wakaingia 2021, Iryo wakaingia mwishoni mwa 2022, ikawa kampuni tatu zinagombania abiria kwenye reli hiyohiyo na nauli zikashuka.

Taiwan ndiyo kabisa. Reli ya mwendokasi ya Taipei mpaka Kaohsiung ilifunguliwa 2007, dakika kama 90 treni ikiwa haisimami sana. Kufikia 2012 safari za ndege kati ya miji hiyo zilikuwa zimekufa zote. Serikali haikupiga marufuku kitu, ndege zilikosa tu watu wa kupanda.

Msimamo wangu: treni ikiwa chini ya saa 3, ndege haina kazi hapo. Kati ya 3 na 4 ni mapambano. Zaidi ya 4 ndege inaanza kushinda, isipokuwa usiku, na usiku nitaurudia.

Karibuni, ila mje na hoja.

Mawinguni

Mkuu umechagua mifano mitamu tu, ile michungu umeificha.

Ndege inataka lami kilomita 3 huku na lami kilomita 3 kule, katikati ni hewa ya Mungu haina daraja haina fidia ya shamba la mtu. Reli unailipia kila mita. California wapiga kura walipitisha mradi wao wa reli ya mwendokasi 2008, wakaambiwa dola bilioni 33 hivi na treni itakuwa inakimbia 2020, sasa hivi makadirio yamevuka bilioni 100 na hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kukalia kiti. Uingereza na HS2, reli yao mpya ya mwendokasi, Oktoba 2023 waziri mkuu akasimama akakata kipande cha Birmingham mpaka Manchester kwa sababu hela imekwisha njiani. Na kitu kingine ambacho watu wa reli hamkisemi, njia ya anga ikikosa abiria kampuni inaihamisha ndege wiki ijayo inakwenda kwingine. Reli ikikosa abiria utaing'oa uipeleke wapi?

Garimoshi (mleta mada)

Mawinguni hiyo ya kuing'oa nimecheka lakini umeniweka pabaya kidogo, ni kweli reli ni ndoa ya kanisani.

Ila tuongee gharama vizuri. Unajua Shinkansen ya kwanza, yaani treni ya mwendokasi ya Japani, nayo ilipitiliza bajeti karibu mara mbili? Shinji Sogo aliyekuwa rais wa shirika la reli la Japani alijiuzulu 1963 kwa ajili hiyo, na mhandisi wake mkuu Hideo Shima akaondoka pia. Benki ya Dunia iliwakopesha dola milioni 80 mwaka 1961, na wakati ule watu wenye akili zao walikuwa wanasema reli ni mambo ya zamani, dunia inaenda kwenye ndege na barabara. Tarehe 1 Oktoba 1964 treni ikaanza, sherehe ikafanyika bila hao wawili. Njia hiyohiyo inafanya kazi mpaka leo. Leo Tokyo mpaka Osaka kilomita 515 ni chini kidogo ya saa mbili na nusu kwa Nozomi, ile Shinkansen isiyosimama sana, na kwa zaidi ya miaka 60 hajafa abiria hata mmoja kwa treni kugongana au kuacha njia. Tetemeko la 2004 kule Niigata liliitoa moja relini na watu wakatoka wazima.

Treni moja ya mabehewa 16 pale ina viti 1,323. Ndege za kawaida za masafa mafupi zina viti kama 180. Piga hesabu, treni moja ni ndege saba na zaidi, na saa zenye watu wengi Nozomi zinaweza kuondoka hata 12 kwa saa moja. Uwanja gani wa ndege utaruhusu kitu hicho kwa mji mmoja tu?

Kwa hiyo nakubaliana na wewe nusu. Reli ya mwendokasi pasipo na watu wengi ni hasara. Penye miji miwili mikubwa yenye watu wanaokwenda na kurudi kila siku, kutoijenga ndiyo hasara.

Kipima Joto

Nimeshangaa uzi umefika hapa hakuna aliyetaja kaboni.

Serikali ya Uingereza huwa inatoa makadirio kwa ajili ya makampuni kuhesabia uchafuzi wao. Ya mwaka 2019 yanasema ndege ya ndani ya nchi ni takribani gramu 250 kwa kila abiria kwa kila kilomita, ukijumlisha na madhara mengine ya juu angani kama ile michirizi ya mawingu. Treni ya kawaida ya kwao gramu kama 40. Eurostar, ile treni ya London kwenda Paris, gramu kama 6, kwa sababu umeme wa Ufaransa unatoka zaidi kwenye nyuklia. Ni tofauti ya mara 40 kati ya ndege na Eurostar.

Na safari fupi ndiyo mbaya zaidi kwa kila kilomita, maana ndege inakula mafuta mengi ikipanda, haijakaa vizuri kule juu inaambiwa teremka.

Fundi Nati

Kipima Joto hapo kwenye sababu niongeze kidogo maana ndiyo eneo langu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linapoteza nguvu kidogo sana, ukishaisukuma treni inateleza yenyewe. Kazi kubwa inayobaki ni kupasua upepo, na hapo umbo refu jembamba linasaidia, behewa la kwanza linapasua upepo kwa niaba ya mengine yote. Halafu treni ya umeme ikifunga breki mota zinageuka jenereta zinarudisha umeme kwenye waya. Ndege inajibeba yenyewe hewani muda wote na inabeba mafuta ya kubebea mafuta.

Ila spidi ina bei. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa spidi, kwa hiyo kutoka 200 kwenda 300 siyo kuongeza nusu, kwa upande wa upepo ni zaidi ya mara mbili kwa kila kilomita. Wafaransa walifika 574.8 kwa saa Aprili 2007 kwa majaribio na wala hawakujaribu kuifanya iwe spidi ya biashara, wanakimbia 300 mpaka 320. Wanajua wanachokifanya.

Mawinguni

Sasa na mimi niwape takwimu msiyoipenda. Eurocontrol, wale wanaosimamia anga ya Ulaya, walitoa mchanganuo: safari za chini ya kilomita 500 ni karibu theluthi ya safari zote zinazoondoka, lakini mchango wake kwenye kaboni ni kama asilimia 4 tu. Safari ndefu za zaidi ya kilomita 4,000 ni asilimia 6 ya safari na zinatoa kama nusu ya kaboni yote. Haya, mtajenga reli ya kuvuka Atlantiki? Mnaua ndege zenye asilimia 4 halafu mnapongezana.

Kipima Joto

Takwimu ni sahihi sibishi. Lakini hiyo ni ya chini ya 500. Katikati ya 500 na 1,500 kuna mzigo mkubwa tu umeuruka.

Garimoshi (mleta mada)

Hapa Mawinguni kapiga penyewe na ndiyo maana mimi sikuanza na kaboni. Watu wa mazingira wanakosea wakija na aibu mbele, mtu anaambiwa ajisikie vibaya kupanda ndege halafu anaoneshwa treni ya saa 11 yenye kubadilisha mara tatu. Hatopanda. Nani atapanda. Waliohama Barcelona hawakuhama kwa huruma ya dunia, walihama kwa sababu walikuwa wanafika mapema na wanakaa vizuri, kaboni ikapungua kwa kupitia hapohapo.

Angalia ile sheria ya Ufaransa. Ilipitishwa 2021 ikaanza kazi Mei 2023, inakataza safari ya ndege kama kuna treni ya chini ya saa mbili na nusu yenye ratiba nzuri. Dunia nzima ikashangilia. Ukiisoma kwa utulivu unakuta imegusa njia tatu, Paris Orly kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon, na abiria wanaounganisha safari hawahusiki. Mimi sheria ya namna hiyo sina haja nayo. Reli iliyofanya treni ya Lyon iwe ya saa mbili ilianza kufunguliwa 1981, yaani ndege za Lyon zilianza kuuawa miaka 40 kabla ya sheria.

Halafu Mawinguni kuna kitu umekisahau kwenye hiyo asilimia 4. Kila ndege fupi inachukua nafasi ya kuruka na kutua sawasawa na ndege ndefu. Viwanja vimejaa, watu wanataka kuongeza ranwei. Ukihamishia safari za kilomita 400 kwenye reli unapata nafasi bila kumwaga lami mpya. Hilo hata mtu wa ndege anatakiwa alifurahie, na wapo wanaolifanya: Lufthansa wanauza tiketi ambayo kipande kimoja ni treni mpaka uwanja wa Frankfurt, stesheni iko palepale uwanjani, na Air France wana mpango kama huo na TGV, treni za mwendokasi za Ufaransa.

Mchumi wa Kijiweni

Ngoja niingie kwenye pesa maana watu wanalalamika treni ghali bila kuuliza ndege inakuwaje rahisi.

Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema mafuta yaliyomo kwenye tanki la ndege ikitua nchi nyingine yasitozwe kodi. Nchi zikaenda mbele zaidi, zikasaini makubaliano ya mbili mbili kwamba hata mafuta yanayojazwa pale hayatozwi. Mwaka 1944 vita haijaisha, usafiri wa anga wa abiria bado mtoto, walitaka ukue. Umekua, ila bado unanyonya mpaka leo. Ongeza kwamba tiketi za ndege za kimataifa kwa kawaida hazina VAT.

Treni yenyewe inalipa ada ya kukanyaga reli kwa kila kilomita, inalipia umeme wenye kodi ndani yake, na nchi nyingi za Ulaya tiketi yake ina VAT. Halafu unaziweka pamoja kwenye simu unaona ndege ni nusu ya bei unasema soko limeamua. Soko lipi hilo.

Mawinguni

Na ruzuku za reli umeziona? Au kodi ya mwananchi inayojenga reli siyo pesa? Tusidanganyane, abiria wa treni anabebwa na asiyepanda treni.

Mchumi wa Kijiweni

Anabebwa ndiyo, kama dereva anavyobebwa na barabara na abiria wa ndege anavyobebwa kwenye viwanja vidogo vinavyoendeshwa kwa hasara na serikali za mikoa. Wote wanabebwa. Swali ni nani anabebwa kuelekea wapi.

Dada Mizigo

Jamani mimi sina takwimu ila nina watoto wawili na mabegi na nimepanda vyote.

Kwenye treni hakuna anayepima begi langu, mtoto akichoka tunatembea mpaka behewa la chakula tunarudi, akilia natoka naye pale katikati ya mabehewa. Kwenye ndege mtoto akilia wewe na yeye na mkanda na macho ya watu. Hapo treni nampa mia kwa mia.

Ila mwenzenu tiketi zinaniua!! Safari ya nchi mbili inabidi ununue huku kipande na kule kipande, tovuti hii haijui treni ya tovuti ile, hii inauza miezi mitatu kabla ile inafungua mwezi mmoja kabla. Nilishachelewa kuunganisha kwa sababu treni ya kwanza ilichelewa, nikafika dirishani na mtoto mmoja mgongoni mwingine mkononi naambiwa dada hii tiketi ni ya kampuni nyingine nunua mpya. Ndege ingekuwa tiketi moja wangenipa kiti ndege inayofuata na chumba cha kulala. Kwa hiyo kabla hamjajenga reli mpya tengenezeni kwanza kitufe cha kununulia.

Garimoshi (mleta mada)

Dada Mizigo umeandika kilicho bora kuliko vyote humu.

Hili ndilo linanitia uchungu kwa sababu halihitaji saruji. Kampuni za ndege zilishakubaliana miaka mingi kuuziana viti na kubebeana abiria, unanunua kwa mmoja unasafiri na watatu na begi linakusubiri mwisho. Reli zilizaliwa mashirika ya serikali, kila moja na nchi yake, kila moja na mfumo wake wa tiketi, na kuonesha treni za jirani kwake ni kama kumtangazia mpinzani. Ulaya wanayo sheria ya fidia, treni ikichelewa saa moja unarudishiwa asilimia 25, ikifika saa mbili asilimia 50, nzuri, lakini ukiwa na tiketi mbili tofauti kule kukosa treni ya pili ni juu yako. Mtu akichagua ndege kwa sababu hiyo siwezi kumlaumu hata kidogo.

Msafiri Kafiri

Uliahidi kuurudia usiku mkuu. Mimi niliwahi kulala kwenye behewa la vitanda sita chumba kimoja, aliyekuwa chini yangu anakoroma kama jenereta. Nasubiri utetezi.

Garimoshi (mleta mada)

Utetezi wa mkoromaji sina 😂

Lakini hoja ya treni ya usiku ni hii. Safari ya kilomita 900 mpaka 1,200 mchana inakula siku nzima kwa treni ya kawaida, ndege inashinda. Usiku hesabu inageuka kwa sababu ule muda ungeulala hata hivyo. Unapanda jioni umeshakula, unashuka asubuhi katikati ya mji, umeokoa na hoteli ya usiku mmoja. Saa 12 za treni zinakuwa hazijakugharimu kitu katika siku yako ya kazi. Na hicho ndicho kile kipande cha 500 mpaka 1,500 alichokisema Kipima Joto.

Reli ya Ujerumani iliachana na treni za kulala Desemba 2016, wakasema hazilipi. Waaustria, nchi ndogo tu, kupitia shirika lao la reli ÖBB wakachukua sehemu ya njia na mabehewa wakaanzisha treni za usiku za Nightjet mwezi huohuo. Watu wakajaa. Ikafika Paris kutoka Vienna 2021, Berlin na Paris Desemba 2023.

Msafiri Kafiri

Malizia na iliyobaki. 2025 wakatangaza kwamba hizo mbili za Paris zinafungwa Desemba kwa sababu Ufaransa imeondoa ruzuku.

Garimoshi (mleta mada)

Ndiyo, zimefungwa njia zenye wateja, hilo ndilo la ajabu. Tatizo la treni ya kulala siyo kujaa. Behewa la viti linabeba watu 70 au 80 na linakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Behewa la vitanda linabeba 30 au 40, linafanya safari moja kwa usiku, mchana limelala yadi, na linalipa ada ya reli ileile kama kawaida. Ukiongeza kubadilisha dereva mpakani gharama inakimbia. Lingepewa punguzo la ada ya reli usiku ambapo njia zina nafasi, na mafuta ya ndege yakalipiwa kodi kama dizeli ya lori, tungeona kama kweli hailipi. Bila hivyo kila miaka mitatu tutafungua kwa shangwe tufunge kwa huzuni.

Fundi Nati

Hapo mpakani watu hawajui shida iliyopo. Ulaya peke yake ina mifumo minne mikuu ya umeme wa reli: volti 25,000, volti 15,000 ya Wajerumani na majirani zao yenye masafa yake ya pekee, halafu 3,000 na 1,500 za mkondo mnyoofu. Ongeza mifumo ya ishara ya kila nchi. Reli za zamani za Hispania zina upana wa milimita 1,668 wakati wengi wanatumia 1,435, ndiyo maana za mwendokasi walizijenga upya kwa upana wa kawaida. Injini ya kuvuka hayo yote ipo ila bei yake siyo ya injini ya kawaida, na dereva lazima ajue sheria na lugha ya kule. Rubani mmoja anavuka nchi sita kwa Kiingereza kimoja.

Na nikiwa hapohapo niseme la stesheni maana ndiko miradi mingi inakofia. Faida ya treni yote ni kushuka katikati ya mji. Sasa mtu anajenga reli ya 350 halafu stesheni anaiweka porini kwa kuwa ardhi ni rahisi. Wafaransa walijenga TGV Haute-Picardie katikati ya mashamba ya viazisukari, mpaka leo wenyewe wanaiita stesheni ya viazisukari. Indonesia, Jakarta na Bandung, Oktoba 2023, kilomita 142, treni kali kweli ya 350, lakini stesheni ya Tegalluar iko nje ya Bandung na huku Jakarta inaanzia Halim siyo katikati. Umeokoa dakika kwenye reli umezirudisha kwenye foleni ya magari. Hiyo ni ndege bila mabawa.

Mawinguni

Fundi huyo sasa anaongea kitu. Na usalama je? Mmesema Japani tu. Eschede, Ujerumani, 1998 walikufa 101, gurudumu lilipasuka treni ikagonga daraja. Wenzhou, Uchina, 2011 watu 40. Santiago de Compostela, Hispania, 2013 karibu 80, treni iliingia kwenye kona kwa spidi mara mbili ya inayoruhusiwa.

Fundi Nati

Zote ni kweli. Santiago pale mfumo wa kuikaba treni yenyewe ulikuwa haupo kwenye ile kona, akaachiwa binadamu mmoja. Lakini kwa usalama mimi singebishana na wewe, ndege na treni zote ni salama sana, anayekufa sana ni mtu wa barabarani. Hiyo siyo sababu ya kuchagua moja kati ya hizi mbili.

Kijana wa Ramani

Nimesoma wote. Swali kwa mleta mada, Wachina wana zaidi ya kilomita 40,000 za mwendokasi na walianza 2008 tu. Beijing mpaka Shanghai ni kilomita 1,318 na treni ya haraka ni saa nne na dakika kidogo. Si inavunja ile kanuni yako ya kilomita 700?

Garimoshi (mleta mada)

Kilomita nilizitaja kwa makadirio, kanuni yangu ni ya saa. Saa nne iko kwenye mapambano na kweli pale ni mapambano, ndege zipo nyingi na treni zipo nyingi. Wajapani wenyewe wanausema huo ukuta wa saa nne. Tokyo kwenda Osaka treni inatawala, Tokyo kwenda Fukuoka ni kama saa 5 ndege inatawala, nchi moja, abiria walewale, treni ileile. Sapporo Shinkansen bado haijafika na njia ya anga kati yake na Tokyo ni mojawapo ya zilizojaa kuliko zote duniani.

Ila nisingependa watu watoke humu wakidhani suluhisho ni 350 kila mahali. Mimi mfano ninaoupenda kuliko Uchina ni Uswisi. Wananchi walipiga kura 1987 kuhusu mpango wao wa reli, na wazo lake lilikuwa la kinyumenyume: hatutafuti treni ya kasi kuliko zote, tunataka treni zikutane. Kila stesheni kubwa treni zinaingia kutoka pande zote muda mfupi kabla ya saa kamili au nusu saa, watu wanavuka jukwaa, zinaondoka zote. Ili hilo liwezekane Bern na Zürich zilitakiwa ziwe chini ya saa moja, basi wakajenga kipande kipya cha kutosha kufika dakika 56 hivi, kikafunguliwa Desemba 2004, spidi 200 tu, wakaishia hapo. Kwenda dakika 40 kungekula mabilioni na ungefika ukasubiri kwenye benchi dakika 20 treni ya kuunganisha.

Kwa hiyo nchi yenye pesa kidogo isianze kwa kununua treni ya 350. Anza na ratiba, nyoosha zile kona zinazokula dakika, weka umeme, weka njia ya pili pale mizigo inapozuia abiria. Marekani treni ya New York mpaka Chicago inakula kama saa 20, na sehemu kubwa ya reli nje ya ule ukanda wa Boston na Washington ni mali ya kampuni za mizigo, treni ya abiria inasimama pembeni inapisha makontena. Hapo hata ukileta Shinkansen itasimama pembeni vilevile.

Mawinguni

Treni ya 200 yenye ratiba na tiketi moja hiyo nakubali, wala sikuwahi kuipinga. Niliyoipinga ni ile ya mabilioni ya kupiga picha za uzinduzi. Ila zaidi ya kilomita 1,000 mchana mimi utanikuta dirishani upande wa bawa.

Dada Mizigo

Na kitufe cha tiketi nani anatengeneza? Mbona wote mmepita kimya 😏

Garimoshi (mleta mada)

Umoja wa Ulaya wanalizungumza miaka sasa, kuyalazimisha mashirika ya reli yafungue data zao za viti na nauli ili yeyote aweze kuuza safari nzima kwa tiketi moja. Mashirika makubwa yanavuta miguu maana kila moja linataka ununue kwake. Mpaka wakubaliane dada nunua zote mbili na acha saa moja na nusu katikati.